Bweta la Karatasi: Somo la Kazi ya Mkono kwa Watoto Walioko Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, na twamuomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji wamezoea kupata humu masomo ya twahara, na sala, na muamala, kwa kuwa hayo ndiyo tuyasomayo katika darasa yetu ya baada ya Isha. Mara hii twataka kuwapa somo la namna nyingine, nalo ni somo la kukunja karatasi mpaka ikawa bweta la kutilia vitu. Twajua wako watakaocheka, waseme: "Masheikh wa siku hizi wamekwisha maneno, sasa wanatufundisha michezo ya watoto." Twawaomba ndugu hao wasicheke mpaka wamalize kusoma. Hata sisi tulilidharau jambo hili, na dharau yetu ilitutia katika kosa ambalo mpaka leo tukilikumbuka twaona haya. Kosa hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini, skuli na vyuo vilifungwa mwezi wa Machi, na kuanzia tarehe 8 Aprili watu wakakatazwa kuingia Mombasa wala kutoka. Ramadhani ya mwaka ule, nayo ni ya mwaka 1441, ilitukuta kila mtu yumo ndani ya nyumba yake. Sisi wa Likoni tuliozoea kuvuka na feri kila asubuhi tukawa twakaa tukilitazama bahari tu. Basi tukawakusanya watoto wa nyumba yetu, wa kwetu na wa ndugu zetu, tukawa twawasomesha ukumbini kila siku baada ya Alasiri.

Siku moja, tulipokuwa tukieleza nguzo za udhu, tulimwona mpwa wetu, mtoto wa miaka kumi, ameinamisha kichwa na mikono yake imo katika kazi nyingine. Alikuwa akikunja karatasi. Tukamnyang'anya, tukairarua mbele ya wenziwe, na tukamwambia maneno makali kwamba elimu haichanganywi na upuuzi. Mtoto hakujibu neno. Aliokota vile vipande kimoja kimoja, akavitia mfukoni.

Tulipokwisha, mama yetu alituita chumbani kwake, akatwambia kwa upole: "Mwanangu, leo umerarua bweta langu la dawa."

Mama yetu ana presha na sukari, na vidonge vyake ni vya namna tatu, vya asubuhi na vya jioni. Juma lililotangulia alikuwa amesahau kuwa amekwisha kumeza vya jioni, akameza mara ya pili, na usiku kichwa kikamzunguka akaanguka mlangoni pa choo. Mtoto yule alikuwako, akamwinua. Mama akamwonya asitwambie, tusije tukafazaika. Basi mtoto akafikiri kwa akili yake mwenyewe, akaanza kumkunjia bibi yake vibweta viwili: kimoja cha vidonge vya asubuhi na kimoja cha vya jioni. Kila alfajiri vidonge vya siku ile hutiwa humo vikiwa katika maganda yake, na akikuta kibweta ki kitupu ajue kwamba amekwisha kumeza. Cha asubuhi kilikuwa tayari. Cha jioni ndicho tulichokirarua.

Tazama, ndugu yetu, jambo lilivyotugeukia. Sisi tuliokuwa tukifundisha dini hatukuwa na habari kwamba mama yetu ameanguka chini ya dari yetu. Na yule tuliyemwita mpuuzi alikuwa katika kumtumikia mzazi wetu, kazi ambayo ilikuwa ni wajibu wetu sisi kabla yake. Siku ya pili tulimwita mtoto mbele ya wale wale tuliomfedhehi mbele yao, tukamtaka radhi. Kisha tukakaa mkekani tukamwambia: "Haya, tufundishe." Akatwambia: "Mjomba, kwanza karatasi iwe mraba." Na somo mtakalolisoma hapa chini ni somo lake, sisi kazi yetu imekuwa kuliandika tu na kulipa mipaka yake ya sharia.

KAZI YA MKONO KATIKA DINI YETU

Kuna ugonjwa katika miji yetu ya pwani, nao ni kuona kwamba kazi ya mkono ni ya watu duni, na kwamba mtoto wa kiungwana kazi yake ni kitabu na kalamu, na akikosa hivyo basi ni baraza. Ugonjwa huu haukutoka katika Uislamu hata kidogo. Nabii Nuhu aliunda jahazi kwa mikono yake na watu wakimcheka. Nabii Dawud alilainishiwa chuma akafanya nguo za vita, na Mtume wetu ametufahamisha, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba hapana chakula bora kuliko kile mtu alichokipata kwa kazi ya mkono wake, akamtolea mfano Dawud huyo huyo. Nabii Zakariya alikuwa seremala, na hayo yamo katika Sahihi ya Muslim. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi ni nani huyo ambaye heshima yake imezidi ya hawa?

Wanavyuoni wetu wa hapa hapa Mombasa walilitambua jambo hili zamani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 1947, alianza kutoa Sahifa mwaka 1930 na kisha Al-Islah mwaka 1932, ili kuwaamsha Waislamu wasilale na huku wenzao wanakwenda mbele. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kikafunguliwa mjini petu chuo cha MIOME, kikiwafundisha vijana wa Kiislamu ufundi wa mashini, umeme na ubaharia. Chuo hicho kiligeuka majina mara kadha wa kadha, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee wetu walifahamu kwamba mkono usiofundishwa udogoni haufundishiki kwa wepesi ukubwani. Na walimu wa vyuo vya watoto wadogo, katika mpango wa madrasa ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980, walifundisha kwa vitu vinavyopatikana karibu: makumbi, vifuu, vifuniko vya chupa na karatasi. Kwa hivyo hatukuja na jipya. Twakumbusha lililokwisha kujulikana.

KARATASI NI URITHI WETU

Neno hili "karatasi" tumelipata katika lugha ya Kiarabu, na limetajwa ndani ya Qur'ani katika Sura ya Al-An'am. Karatasi yenyewe asili yake ni Uchina. Wanahistoria wengi husimulia kwamba baada ya vita vya Talas, mwaka 751, mafundi wa Kichina waliotekwa waliwafundisha Waislamu wa Samarkandi kazi hiyo. Kutoka huko ilifika Baghdadi katika zama za Bani Abbas, kisha Shamu, Misri, Fasi, na mji wa Shatiba katika Andalusi; na ni kwa mikono ya Waislamu ndipo Wazungu walipoipata. Tafakari basi: watu waliowafikishia Ulaya karatasi, leo watoto wao hawajui kuifanyia kitu illa kuichana na kuitupa mtaroni.

Na kutilia vitu katika karatasi pia si jambo geni. Msafiri wa Kifursi, Nasir Khusraw, alifika Misri mwaka 1047, akaandika alivyowaona wenye maduka wa Misri ya kale wakimpa mnunuzi chombo cha kuchukulia alichokinunua, kikiwa cha kioo, au cha udongo, au cha karatasi, hata mnunuzi hakuhitaji kutoka na chombo chake. Ni karibu miaka elfu sasa. Nasi hapa Kenya, tarehe 28 Agosti 2017, serikali ilipokataza mifuko ya nailoni, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, tulishituka kana kwamba wanadamu hawajapata kuuziana kitu bila ya nailoni! Wazee wetu waliuziana njugu katika karatasi iliyosokotwa, na halua katika vikapu vya ukili, na samaki katika jani.

NAMNA YA KULIFANYA BWETA

Bweta hili hukunjwa bila ya gundi wala uzi. Wajapani wana kikasha cha mbao walichokuwa wakipimia mchele, nacho hukiita masu, na bweta hili la karatasi limeitwa kwa jina hilo kwa kufanana nacho. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, karatasi iwe mraba. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina sentimita 21 kwa karibu 30. Shika pembe moja, uikunje mpaka ukingo mfupi ulale sawasawa juu ya ukingo mrefu. Kipande kinachozidi kikate, lakini usikitupe, kwani kitafaa kwa alama ya kitabu.

Pili, kunjua. Utaona mstari mmoja umekwenda kutoka pembe hata pembe. Fanya wa pili kwa pembe mbili zilizobaki. Kisha kunja katikati kama kitabu, ukunjue, na ukunje tena katikati kwa upande wa pili, ukunjue. Sasa pana mistari minne inayokutana mahali pamoja, na hapo ndipo kitovu.

Tatu, zilete pembe zote nne mpaka ncha zake zikutane kitovuni. Karatasi imekuwa mraba mdogo, mfano wa bahasha. Usizikunjue.

Nne, ulete ukingo wa juu mpaka mstari wa katikati, na wa chini kadhalika. Bana vizuri kwa ukucha, kisha ukunjue. Fanya hivyo hivyo kwa ukingo wa kuume na wa kushoto, ukunjue.

Tano, zikunjue kabisa pembe mbili zinazoelekeana, ya juu na ya chini. Za kuume na kushoto ziache zilivyo, na uzisimamishe pande hizo mbili juu ya mikunjo yake. Hizo ndizo kuta mbili za kwanza.

Sita, shika ile ncha ya juu uiinue. Pembe za ndani zitajikunja zenyewe juu ya mistari ya zamani na ukuta wa tatu utasimama. Ncha ipindue juu ya ukuta, uilaze ndani mpaka ifike kitovuni. Kisha fanya hivyo kwa ncha ya chini, na bweta limekwisha.

Ukitaka kifuniko, fanya bweta la pili la namna hiyo hiyo, lakini lile la ndani karatasi yake ipunguzwe nusu sentimita kila upande wa mraba ikiwa ni nyembamba, na sentimita nzima ikiwa ni nzito. Siri ya kazi yote ni mkunjo wa kwanza. Ukienda upande, yote yaliyo baada yake huenda upande. Ni kama nia katika ibada.

HISABU ILIYOMO NDANI YAKE

Mzazi anayesomesha mtoto nyumbani asiishie kwenye kukunja. Ampe mtoto rula, amwambie apime. Atakuta kwamba mraba wa sentimita 21 umetoa bweta ambalo upande wake ni karibu 7.4, na kimo chake ni nusu ya hiyo, yaani 3.7. Kwa hisabu ya haraka, gawanya upande wa karatasi kwa 20, kisha zidisha kwa 7. Utapata upande wa bweta kwa kukaribia sana. Kisha amuulize: tukichukua karatasi ya upande wa sentimita 14, na nyingine ya 28, hii ya pili itatia mchele mara ngapi ya ile ya kwanza? Mtoto atasema mara mbili. Mwache apime kwa mchele wenyewe. Atakuta ni mara 8, ilhali karatasi iliyotumika ni mara 4 tu. Hilo akiliona kwa macho yake hatalisahau.

Liko na bweta la pili, la kukata na kubandika. Chukua mraba wa karatasi nzito wa sentimita 24. Katika kila pembe kata mraba mdogo, kisha inua kuta nne, uzibane kwa vipande vya karatasi na uwanga wa unga wa ngano: kijiko kimoja cha unga katika nusu kikombe cha maji baridi, ukoroge, kisha utie motoni mpaka uwe mzito. Sasa swali: tukate pembeni sentimita ngapi ili bweta litie vitu vingi zaidi? Tukikata 3, bweta latia sentimita 972 za ujazo. Tukikata 5, latia 980. Tukikata 6, latia 864. Lakini tukikata 4, latia 1,024, na hapana kipimo kinachoishinda hiyo. Yaani hukatwa sudusi ya upande.

Na ajabu ni kwamba swali la namna hii lilishughulikiwa na mwanachuoni wetu, Sharaf al-Din al-Tusi, aliyefariki mwaka 1213. Katika kitabu chake cha aljebra alitafuta upeo wa kuzidisha mraba wa kitu kwa kilichobaki cha urefu uliopangwa, akaonyesha kwamba upeo hupatikana kitu hicho kinapokuwa thuluthi mbili za urefu. Na bweta letu limefuata kanuni hiyo hiyo: 16, upande wa chini ya bweta, ni thuluthi mbili za 24. Mtoto wa Changamwe aliye na mkasi na karatasi anaweza kuligusa kwa mkono wake lile alilolipata mwanachuoni huyo kwa hisabu zaidi ya miaka 800 iliyopita. Je, huu ni upuuzi?

MATUMIZI YAKE

Kwa wanawake: vifungo, sindano, na nyuzi za kushonea kofia, kila rangi na bweta lake. Kwa wenye sherehe: asumini, udi na ubani. Kwa wenye kufuturisha: tende tatu tatu katika kila kibweta, kila mwenye kusali apate fungu lake bila ya kusukumana. Kwa wauzaji wa mabuyu, kashata na njugu pale kwenye njia ya kivuko au vituo vya matatu vya Kisauni: chombo safi badala ya nailoni. Kwa wanafunzi: chaki, rula, na kalamu zilizokatika. Kwa nyumba yenye mgonjwa au mzee: mfano wa mpwa wetu umetosha, illa vidonge visitolewe katika maganda yake, na muuguzi au tabibu aulizwe kwanza kipi ni cha wakati gani.

Hatusemi kwamba mtu atatajirika kwa vibweta. Huo ungekuwa uwongo. Twasema kwamba mtoto atajifunza subira, na usawa wa kipimo, na furaha ya kukamilisha kitu kwa mkono wake.

MASHARTI NA ADABU

Sharti ya kwanza, na ndiyo kubwa: itazamwe karatasi inatoka wapi. Nyumba zetu zimejaa madaftari ya chuo yenye aya, na kalenda zenye majina ya Mwenyezi Mungu, na vipande vya magazeti ya dini. Hizo haziwi mabweta ya njugu wala ya kitu chochote. Karatasi yenye Qur'ani, au jina la Mwenyezi Mungu, au hadithi za Mtume, ina heshima yake, na kuifanya kifungio kitakachotupwa jaani ni kuivunja heshima hiyo. Ikichakaa, maandishi yake yafutwe kwa maji, au izikwe mahali safi pasipokanyagwa, au ichomwe moto kwa kuihifadhi. Kwani Sayyidna Uthman, Mungu amuwie radhi, aliamrisha kuchomwa zile nakala zilizohitalifiana alipokusanya msahafu, ili kuiokoa Qur'ani na ikhtilafu. Basi mtoto afundishwe kusoma karatasi kabla ya kuikunja. Na hii peke yake ni tarbia kubwa, kwa kuwa itamzoeza kutazama kabla ya kutenda.

Sharti ya pili: karatasi iliyochapwa wino, kama gazeti, isiguse chakula, kwani wino huambukiza na huenda ukadhuru. Chakula kiwekewe karatasi safi isiyoandikwa. Chenye mafuta kama viazi karai kisitiwe humo kabisa. Jani la mgomba ni bora.

Sharti ya tatu: uaminifu. Tangu mtaala mpya wa umilisi ulipoanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, watoto hurudi nyumbani na kazi za mikono. Nasi tumeona kwa macho yetu mzazi amekesha mpaka usiku wa manane akikata na kubandika na huku mtoto amelala. Asubuhi mtoto akaichukua, akasema "nimefanya mimi", akapewa sifa. Ewe mzazi, hiyo si huruma. Umemfundisha mtoto wako kwamba uwongo una malipo mema, na umemfundisha kwa mikono yako. Kazi iliyopinda aliyoifanya mwenyewe ni bora mbele ya Mungu kuliko iliyonyoka aliyoiiba kwako. Mwonyeshe, kisha ukunjue ulilomwonyesha, umwachie afanye lake.

Sharti ya nne: kazi isiile sala. Adhana ikitoka, karatasi na mkasi viwekwe chini. Na mkasi na kisu vishikwe mbele ya mtu mzima.

Sharti ya tano: waume na wanawake wafundishwe sawa. Mvulana asiambiwe kwamba hii ni kazi ya wasichana. Mtume aliyeshona nguo yake hakuwa mwanamke.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Ndugu mmoja katika darasa alituuliza: "Je, hili si kuwaiga Wajapani na Wazungu?" Tukamjibu: Katika vita vya Ahzab, mwaka wa 5 wa Hijra, Mtume alichimba handaki kuilinda Madina kwa shauri la Salman Al-Farisi, na handaki ilikuwa ni hila ya Wafursi, Waarabu hawakuijua. Hakusema, "Hii si yetu." Alilichukua lenye manufaa, akaingia mwenyewe kuchimba na kubeba mchanga. Kuiga kunakokatazwa ni kuiga ibada za wengine na mambo ya batili, ama hikima na ufundi humfaa Muislamu popote avionapo. Na Mjarumani Froebel, alipofungua chuo chake cha watoto wadogo mwaka 1837, aliingiza kukunja karatasi katika masomo yao. Ikiwa wao wameona humo faida ya kufungua akili, sisi tuna haja gani ya kujinyima?

Mwingine akasema: "Mtoto aliyehifadhi juzuu mbili, kwa nini asitie juhudi katika ya tatu, badala ya karatasi?" Tukasema: Atie juhudi, na sisi tu pamoja naye. Lakini siku ina saa nyingi, na saa ambazo hatumpi kazi, mtaa humpa. Ndugu, tumewazika vijana wa Likoni na Kisauni walioliwa na unga wa kulevya, na wengine wao walikuwa wamehifadhi juzuu. Walikosa mtu wa kuitazama mikono yao, aulize: mwanangu, umeshika nini?

MASWALI YA KUWAULIZA WATOTO

1. Kwa nini mkunjo wa kwanza una daraja kubwa kuliko iliyobaki?
2. Karatasi ya sentimita 21 imetoa bweta la upande gani na kimo gani?
3. Taja Manabii wawili waliofanya kazi kwa mikono yao, na kazi ya kila mmoja.
4. Ukipata daftari kongwe lenye aya, utalifanyia nini?
5. Katika nyumba yenu, ni nani mwenye haja ya kibweta, na ya nini?

Swali la tano ndilo kiini cha somo. Mtoto asikimbilie karatasi mpaka awe na jibu lake; kwani mpwa wetu hakuanza kwa karatasi, alianza kwa kumtazama bibi yake.

KHATIMA

Mama yetu, Alhamdulillahi, angali hai, na vibweta viwili viko juu ya kabati lake hivi sasa tuandikapo. Vikichakaa hubadilishwa. Tangu siku ile hajameza dawa mara mbili. Na baadhi ya vile vipande tulivyovirarua tumevihifadhi ndani ya kitabu chetu cha fiqhi, kwenye mlango wa udhu, ili kila tunaposomesha mlango huo vitukumbushe kuwatazama walio mbele yetu kabla ya kufungua kinywa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awabarikie watoto wetu mikono yao na akili zao, awajaalie wenye kuwatumikia wazee wao, na atusamehe sisi tuliokuwa wepesi wa kukemea na wazito wa kuuliza. Amin.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.